Tageti ya mwenye gari ndiyo inayotukwamisha barabarani Nairobi, na ndiyo inayotuua

Mwana wa Kahawa West

Salamu kwenu nyote. Kila msongamano wa Nairobi unapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye lami: ipanuliwe hii, ijengwe ile juu ya nguzo. Leo nataka tuzungumzie tageti, yaani pesa anayopelekewa mwenye matatu kila jioni. Nimekulia ukanda wa Thika Road, napanda matatu asubuhi na jioni, na naamini pesa hiyo inaeleza jam yetu na ajali zetu nyingi kuliko upana wa barabara yoyote.

Ya lami niyapitie haraka. Thika Road mpya ilifunguliwa Novemba 2012, kilomita zipatazo 50, mahali pengine njia nane. Tuliokuwa tukipita ile ya zamani tulishukuru na bado tunashukuru. Lakini njia zote hizo zikifika Pangani zinamwagikia Ngara, Murang'a Road na Forest Road, na mji wenyewe haukuongezewa nafasi ya kuyapokea magari hayo. Mwaka 2015, wakati wa gavana Kidero, mapipa yaliwekwa kwenye mizunguko ya Uhuru Highway ili magari yasikate kulia. Tarehe 3 Desemba 2018, wakati wa gavana Sonko, matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Wafanyakazi, wazee na wajawazito wakatembea kutoka pembezoni, na amri ikasimamishwa upesi. Mwaka huohuo Thika Road ikachorwa mstari mwekundu kuwa njia ya mabasi ya mwendo kasi, na matatu na magari madogo yakaendelea kupita juu yake kama kawaida. Mwaka 2022 ikaja Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa kulipia. Mwenye gari lake na pesa ya kulipa anapita juu. Abiria wa matatu wanasimama Imara Daima, Bellevue na Nyayo, kule chini, kwa hiyo matatu inayowatafuta lazima nayo ibaki chini.

Hatua zote hizo zilishughulikia mahali gari linapopita au linaposimama. Swali la kwa nini dereva anasimama pale halikuguswa.

Sasa tageti. Matatu inatoka nyumbani alfajiri ikiwa tayari ina deni. Mwenye gari anataka kiasi fulani jioni, mvua inyeshe isinyeshe, shule zimefungwa au zimefunguliwa. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo. Ada ya sacco, ushirika wa wenye matatu, inatoka humo. Vijana wanaoita abiria steji wanalipwa humo. Kuna kuosha gari, kuna pancha, kuna mikono mingine barabarani ambayo kila abiria ameiona ikinyooshwa dirishani. Kinachosalia baada ya yote hayo ndicho dereva na kondakta wanachogawana. Hakuna mshahara. Wakifikisha tageti na shilingi isibaki, wamefanya kazi bure siku nzima.

Chukua tabia yoyote ya matatu tunayoilaani uiweke ndani ya hesabu hiyo, utaielewa. Gari linangoja lijae kwa sababu kiti kitupu ni chakula cha dereva kinachoachwa nyuma. Ndiyo maana utaketi ndani ya gari pale steji ya Odeon, mjini, saa nne asubuhi, injini inanguruma, gari linasogea kidogo mbele na kurudi kidogo nyuma, na wengine ndani wamelipwa kuketi tu ili gari lionekane karibu kuondoka. Nyuma yake kuna magari mengine manne yanayofanya vivyo hivyo, na nyuma ya hayo barabara imeziba. Hiyo ni jam ya saa nne asubuhi, saa ambayo barabara inafaa kuwa wazi!

Halafu saa za jioni mambo yanageuka. Abiria ni wengi, sasa kinachopotea ni muda. Kila raundi ya ziada ni pesa. Gari linapanda ukingo, linapita upande wa wanaokuja, linashusha watu Roysambu na kuwaambia tafuteni lingine, kwa sababu kurudi mjini kuna faida kuliko kufika mwisho wa safari. Nauli inapanda mawingu yakionekana. Mtu yuleyule aliyekungojesha asubuhi anakukimbiza jioni hadi unashika kiti kwa mikono miwili. Wengi husema madereva hawa hawana adabu. Mimi naona watu wanaofuata hesabu waliyopewa, tena wanaifuata kwa usahihi.

Sheria zilijaribu. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: mkanda kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare, abiria 14 tu kwenye matatu ndogo za Nissan. Zilisaidia, na waliokuwepo wanakumbuka jinsi ilivyokuwa ajabu kukaa bila kubanwa. Kisha zikalegea. Kanuni za 2014 zilitaka sacco au kampuni iwe na magari yasiyopungua 30 na ithibitishe kwamba inafuata sheria za kazi kwa madereva na makondakta wake. Sacco zikaandikishwa, rangi zikapakwa, na ndani ya kila gari tageti ikabaki palepale. Sacco nyingi leo ni jina ubavuni mwa gari.

Ninachopendekeza: nauli iingie kwenye mfuko mmoja wa sacco, gari lilipwe kwa safari liliyofanya kwa ratiba, na dereva na kondakta wapewe mshahara. Nataka kusikia kwa walio ndani ya kazi hii hasa, kwa sababu mimi ni abiria tu.

---

Mzee wa Gia

Kijana umeeleza vizuri na mengi ni kweli. Mimi nimeendesha matatu tangu enzi za manyanga, zile matatu za mbwembwe, kabla ya Michuki, na bado naendesha. Nikuongezee usiyoyaona ukiwa kiti cha nyuma.

La kwanza ni usingizi. Gari linatoka saa kumi alfajiri ili likamate watu wa kazi za mapema, na linalala saa nne usiku au zaidi. Hakuna binadamu anayeweza kushika usukani hivyo kila siku. Ndipo skwadi anapoingia. Mchana dereva anashuka alale kidogo, anampa kijana wa steji gari apige raundi moja au mbili. Kijana huyo pengine ni mzuri kwa usukani, pengine ndio anajifunza. Abiria hajui, mwenye gari hajui, bima haijui. Ikitokea ajali anaruka na kutoweka. Ukiona matatu inaendeshwa kwa fujo saa nane mchana wakati barabara ni nyeupe, mara nyingi aliye mbele ni skwadi anayetaka kumaliza raundi yake alipwe.

La pili ni saa mbili usiku. Kama tageti imefika, mtu anaendesha akirudi nyumbani kwake. Kama haijafika, mguu unakuwa mzito. Ningekuwa naandika taarifa za ajali ningeuliza swali hilo kabla ya mengine yote: saa ile, tageti ilikuwa imefika?

Lakini kwa mshahara, pole pole. Usidhani madereva wote wataupokea kwa vigelegele. Kuna siku za mwisho wa mwezi, siku za shule kufunguliwa, siku za mvua, ambazo mtu anakwenda nyumbani na pesa ambazo hakuna mwajiri atampa. Siku hizo ndizo zinalipa karo. Ukimletea mshahara unaokuja ukichelewa, au unaokatwa kila kukitokea kidogo, atachagua tageti. Nami pia nitaichagua.

---

Mama Mwenye 33

Naomba nisikike, kwa sababu wenye magari tunachorwa hapa kama mabepari. Nina gari moja la viti 33. Nimelinunua kwa mkopo, na mkopo haujui mvua wala mgomo. Kuna bima ya kila mwaka, ukaguzi, magurudumu, na spea ambazo bei yake inapanda kila ninapouliza.

Mzee wa Gia, shikamoo. Sasa niambie, mimi nikiwa nyumbani au dukani kwangu nitajuaje gari limebeba watu wangapi leo? Sijui. Hakuna tiketi, hakuna risiti. Kondakta ndiye anayejua, na kondakta ndiye mwenye pesa mkononi. Nimewahi kulipa mshahara pamoja na makusanyo "ya kweli". Makusanyo yakawa yanapungua wiki baada ya wiki, gari likiwa limejaa kila nilipoliona kwa macho yangu. Nikarudi kwenye tageti, kama majirani zangu wote wenye magari. Mnaitaja tageti kama uchoyo, lakini kwangu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kujua kitu fulani kitafika.

---

Mwana wa Kahawa West

Mama, asante sana, hapo umefungua mlango niliokuwa nautafuta. Basi fundo liko kwenye pesa isiyoonekana. Mwenye gari haioni, ndiyo sababu anaweka tageti. Na kwa kuwa kuna tageti, dereva hana sababu ya kuionyesha.

Hili lilishajaribiwa. Mwaka 2013 ilizinduliwa BebaPay, kadi ya Google na Equity Bank ya kulipia nauli, na 2014 serikali ikataka matatu zote ziache pesa taslimu. Kadi ile ilifungwa 2015. Wengi walisema Mkenya hapendi kadi. Lakini angalia leo: abiria wengi wanalipa kwa M-Pesa bila kulazimishwa na mtu. Kwa hiyo si abiria aliyekataa. Na mara nyingi unapolipa, unapewa namba ya nani? Ya kondakta mwenyewe, ya simu yake. Pesa imetoka mfukoni ikaingia kwenye simu, na Mama bado haioni. Namba hiyo ikiwa ya mfuko wa sacco, mwenye gari aone kila nauli inapoingia, sababu ya tageti imepungua nusu.

Wazee humu watakumbuka pia kwamba hatuzungumzii ndoto. Kenya Bus ilianza Nairobi mwaka 1934, na kwa miongo mingi ilikuwa na makondakta wenye tiketi, wakaguzi waliopanda njiani kuzikagua, na wafanyakazi wenye mshahara. Haikuwa bila matatizo, na ilishindwa na matatu zilizofika mitaa ambayo mabasi hayakufika, hasa baada ya 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri wa umma. Lakini hesabu ya kulipa dereva mshahara na kujua abiria wangapi wamepanda ilifanyika katika jiji hilihili.

---

Dada wa Tena

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini kuna mtu hamjamtaja: anayetembea kwa miguu. Kuanzia 2021 hadi 2024 NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, imehesabu vifo zaidi ya 4,000 vya barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Hawa hawakuwa ndani ya matatu. Wengi waligongwa na magari ya watu binafsi, malori, pikipiki. Tageti inaeleza nini hapo?

Naishi kando ya Outer Ring. Barabara ilipopanuliwa, magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya miguu hayajakamilika. Watu wa Umoja, Tena, Donholm na Pipeline wanavuka kila siku kwenda kazini, sokoni, kanisani, msikitini. Mtaa uliokuwa mmoja ukakatwa vipande viwili na mto wa magari. Tulizika majirani. Madaraja yalikuja, na nashukuru yalikuja, lakini nendeni mkayapande saa mbili usiku. Mengine taa hazifanyi kazi. Kuna wanaoporwa huko juu. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, au mtu wa kiti cha magurudumu, ule mteremko wa kupanda na kushuka ni safari nyingine kamili. Ndiyo maana utaona mtu anaruka ua wa katikati huku daraja liko pale, na wenye magari wanamwita mjinga. Si mjinga. Ameogopa giza la juu kuliko gari la chini.

Mnazungumza kasi ya matatu. Mimi nauliza kwa nini barabara inayopita katikati ya makazi ya watu imejengwa kama ya kwenda Mombasa. Kikomo cha mjini ni kilomita 50 kwa saa. Ni nani anayekifuata pale Taj Mall saa tano usiku? Wekeni matuta na vivuko vya chini vyenye taa za kusimamisha magari. Anayepaswa kungoja ni mwenye injini.

---

Mwana wa Kahawa West

Dada, hoja yako inasimama yenyewe, wala sitaiingiza kwa nguvu kwenye yangu. Kuondoa tageti hakutamwokoa mtu aliyegongwa na gari la kibinafsi usiku. Vivuko vya chini na mwendo wa 50 vinahitaji kuja bila kungoja chochote cha matatu.

Kuna mahali pamoja tu zinapokutana. Matatu inakushusha wapi? Kituo kimejengwa karibu na daraja, lakini dereva anakushusha kabla au baada yake, katikati ya njia, kwa sababu kuingia kituoni ni kupoteza foleni yake barabarani na kumpa aliye nyuma abiria wa mbele. Sasa uko mbali na daraja, giza, mzigo mkononi, na nyumbani ni ng'ambo. Dereva anayelipwa kwa kusimama vituoni hana haraka hiyo.

---

Wa Syokimau

Fupi tu. Kituo chetu cha treni kilifunguliwa 2012 na asubuhi treni inanifikisha mjini bila kuona jam ya Mombasa Road. Shida ni kwamba treni ni chache, ukiikosa ya jioni unarudi kwa matatu, na ukishuka stesheni bado unahitaji kitu cha kukufikisha mlangoni. Kama kuna treni za kutosha mchana kutwa, watu wa Embakasi, Ruiru na Kikuyu wangeacha magari nyumbani kwa hiari yao. Reli ilikuwepo kabla ya jiji. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli.

---

Mkazi wa Ubungo

Habari zenu ndugu zetu. Niko Dar es Salaam, nimefurahi kuusoma uzi huu kwa sababu hiyo tageti yenu hapa ni hesabu ya bosi, na daladala zinaishi kwayo vilevile.

Mwendokasi ulianza Mei 2016, kutoka Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani, basi lina njia yake katikati ya barabara, unalipia kituoni kabla ya kupanda, dereva ni mwajiriwa. Nikisema ukweli, miaka ya mwanzo ilikuwa raha. Safari ya kutoka Kimara iliyokuwa inakula asubuhi nzima ikawa fupi. Dereva hana sababu ya kugombania abiria, kwa hiyo hagombanii. Baadaye mabasi yakapungua, mengine yakaharibika, watu wakajaa vituoni hadi unasukumwa kuingia. Kwa hiyo chukueni na hilo: mshahara na njia ya peke yake vinafanya kazi, ila mabasi yasipokuwa ya kutosha, abiria anarudi kwenye bajaji na bodaboda. Na foleni ya daladala kwenye barabara nyingine za jiji haikuguswa, kwa sababu huko hesabu ya bosi imebaki.

---

Mwana wa Kahawa West

Asante ndugu. Sisi hata hiyo njia ya peke yake hatujaipata. NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi, iliundwa 2017, mistari mitano ya mabasi ya mwendo kasi ikapewa majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Kando ya Thika Road tumejengewa vituo, na mabasi tuliyoahidiwa hatujayaona. Ndiyo sababu naharakisha hili la sacco. Halihitaji saruji. Linahitaji wenye magari wa steji moja kukubaliana.

---

Mama Mwenye 33

Nikubaliane na nani? Nikiweka gari langu kwenye mfuko wa pamoja na jirani akabaki na tageti, jirani atanipita, atabeba abiria wangu, na mwisho wa mwezi mkopo utanifuata mimi. Ni steji yote au hakuna. Magari yote ya rangi moja, namba moja ya kulipia, na anayepokea nauli kwenye simu yake asimamishwe kazi. Hapo ningeingia.

Na vijana wanaoita abiria? Wako wengi, wana familia. Ukiwaondoa bila kitu, gari la kwanza kuvunjwa kioo litakuwa langu.

---

Mzee wa Gia

Wale vijana wanajua steji kuliko mtu yeyote. Wape sare, waandikwe na sacco, wawe wa kupanga foleni na kuhesabu abiria wanaopanda. Anayehesabu mlangoni anakusaidia wewe Mama kuliko simu, kwa sababu simu inaweza kudanganywa na mtu anayelipa kwa mkono.

Kwa madereva nitasema masharti yangu, na nadhani wengi wa rika langu watasema hivyo. Mshahara uje tarehe ileile kila mwezi, usipungue kwa sababu barabara ilifungwa. Zamu mbili, ili nilale nyumbani na skwadi asihitajike. Bima ya hospitali ya kweli. Na siku za mvua na za shule kufunguliwa, kwa kuwa mfuko utajaa, tupate ziada.

---

Mama Mwenye 33

Zamu mbili ni madereva wawili kwa gari moja, hilo ni zito kwangu, tulikae chini. Ziada ya siku za mvua naweza, hata kesho. Lakini iwe kwa nauli ileile ya kila siku, Mzee. Isije ikawa mawingu yakitanda mnawapandishia tena abiria bei.

---

Mzee wa Gia

Nauli ileile. Hapo tumeelewana.